Daftari Likitoka Nyumbani

Mtu ashukaye garini Moi's Bridge, katika njia kuu itokayo Eldoret kwenda Kitale, huona kwanza mahindi: mahindi shambani, mahindi juu ya malori, mahindi katika maghala ya Bodi ya Nafaka. Zamani mji huo uliitwa Hoey's Bridge, kwa jina la mlowezi aliyejenga daraja juu ya mto Nzoia, na tangu siku zile watu wake wamesifiwa kwa magunia wala si kwa vitabu. Lakini kila mji wenye shule hauna budi kuwa na mtu mmoja au wawili walioficha chini ya godoro daftari la hadithi ndefu, wasimwonyeshe mtu yeyote. Makala ya juma hili ni kwa ajili yao.

Mtu huyo asidhani kwamba riwaya za Kiswahili huandikwa Pwani tu. Marehemu Ken Walibora alizaliwa Bungoma akakulia Cherangani, si mbali na mji huo, katika nchi ambayo mtoto hujifunza Kiswahili baada ya lugha ya mama yake. Mwaka 1996 kilichapishwa kitabu chake Siku Njema, ambamo kijana anatoka Tanga akasafiri hadi nchi ya Kitale kumtafuta baba yake. Kitabu chake kingine, Kidagaa Kimemwozea, kilikuja kusomwa na wanafunzi wa sekondari wa Kenya nzima kwa ajili ya mtihani. Alifariki Nairobi mwezi wa Aprili 2020, naye amewaachia watu wa kwao ushahidi kwamba jambo hili lawezekana.

Lakini kwanza kusoma. Atakaye kuandika na asome kitabu kimoja mara mbili: mara ya kwanza kama watu wote, kwa kutaka kujua mambo yatakwishaje, mara ya pili akiwa na kalamu ya risasi, kama fundi seremala anayepindua kiti cha mwenzake aone kimeunganishwaje. Mkulima na karani wanaweza kuanza na Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, habari za mtu aliyeacha ukarani akaenda kulima. Atazame mahali mwandishi anapowaachia watu wake waseme wenyewe, na mahali anapopita upesi.

Kadhalika atazame maisha ya mwandishi mwenyewe. Bwana Shaaban Robert aliingia kazi ya serikali mwaka 1926, karani wa forodha, akadumu katika ofisi za serikali ya Tanganyika miaka zaidi ya thelathini. Vitabu vyake aliviandika pembeni mwa kazi hiyo. Kwa miaka mingi alimwandikia barua ndugu yake, Bwana Yusuf Ulenge, na barua hizo, za tangu 1931 hadi 1958, zimekusanywa zikawa kitabu. Habari za jamaa, za kazi na za maandishi zimo pamoja. Alifariki mwaka 1962. Kufikirika kilitoka mwaka 1967 na Utubora Mkulima mwaka 1968, yeye asivione.

Tena kuna swali la wakati, ambalo wengi hulifanya udhuru. Katika nchi ya mahindi mwaka una mlango mmoja ulio wazi. Mavuno yakiisha kupukuchuliwa mwezi wa Desemba, hadi mvua za Machi zinapoita watu shambani, jioni zina nafasi. Ukurasa mmoja wa daftari huchukua kama maneno 200. Aandikaye ukurasa mmoja kila jioni kwa siku 90 atakuwa na maneno 18,000, na kwa misimu miwili maneno 36,000, nayo ni riwaya fupi. Hesabu hiyo haina ajabu. Anayeahidi kurasa kumi kwa usiku mmoja kwa kawaida huonekana juma la pili akicheza drafti dukani.

Sasa lililo gumu kuliko hayo yote ni kumpa mtu mwingine daftari. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na katika kazi hii neno hilo ni kweli tupu. Mwaka 1960, kijana wa Limuru aliyekuwa akisoma Makerere, jina lake wakati ule James Ngugi, alimwendea Jonathan Kariara, aliyekuwa katika jarida la wanafunzi liitwalo Penpoint, akamwambia kwamba ana hadithi na angependa aitazame. Kumbe hadithi yenyewe ilikuwa bado kichwani! Kwa kuwa amekwisha kusema, ikambidi akaiandike. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Juni 1962, waandishi wa Afrika walikutana huko huko Makerere, na kijana yule akampelekea Chinua Achebe wa Nigeria mswada wa riwaya aliyokuwa akiiandika. Achebe akausoma, akamwambia aliyoyaona, kisha akautia mikononi mwa wachapaji wa London. Ndicho kitabu Weep Not, Child, kilichotoka mwaka 1964. Dunia ilikuja kumjua mwandishi huyo kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, naye alifariki Mei 2025. Hakuna ajuaye ni vijana wangapi waliokuwa na miswada mwaka ule, wakaona haya kubisha mlangoni.

Moi's Bridge hakuna Achebe anayepita kila mwaka. Basi daftari apewe nani? Mama na mchumba wataisifu hadithi, na sifa zao ni tamu lakini hazifundishi kitu. Mwalimu wa shule atasahihisha tahajia, naye ashukuriwe; ila aangaliwe asije akaongeza methali. Maana ndiyo kasoro kubwa ya miswada ya vijana: walifundishwa kwamba insha hupata alama kwa misemo, nao wakiandika riwaya hawawezi kumleta mtu mlangoni bila kwanza kulichomoza jua kwa maneno mazito ya mistari mitano. Msomaji mwema ni yule apendaye hadithi, asiyemdai wala asiyemwogopa mwandishi. Fundi cherehani afaa. Karani wa stesheni angefaa sana siku zile za treni za abiria. Asiulizwe, “Je, ni nzuri?” kwa maana atajibu ndiyo kwa adabu. Aombwe atie alama mahali alipochoka, mahali asipoelewa, na mahali asiposadiki kwamba mtu angesema vile. Mwandishi naye akisikia majibu anyamaze. Anayejitetea kila ukurasa hatapewa habari za kweli mara ya pili.

Tena mji huu uko mahali pa namna yake. Mipaka ya Uasin Gishu, Trans Nzoia na Kakamega iko karibu, na katika soko moja huuza na kununua Wanandi, Wabukusu, Wakikuyu na wengine wengi. Nchi hiyo ya Trans Nzoia na Uasin Gishu iliona vita vya makabila mwaka 1992, na fujo baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Nyumba zilichomwa, watu wakakimbia, na baadhi hawakurudi. Aandikaye riwaya ya hapo, hata akitaka iwe ya mapenzi matupu, miaka hiyo itamsimamia mbele. Na hapo ndipo msomaji wa kwanza anapokuwa si jambo la ufundi peke yake. Mswada uliosomwa na watu wa nyumba moja tu utakuwa na wabaya wa kabila moja tu, na mwandishi asitambue, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Hana budi kumpelekea mtu wa upande wa pili, jirani ambaye mwaka ule alilala porini kwa kuwaogopa jamaa za mwandishi, au ambaye jamaa zake ndio walioogopwa. Kumkabidhi mtu kama huyo daftari, na kungoja siku kumi hali mnasalimiana kila asubuhi kwenye bomba la maji, kwahitaji moyo kuliko kupeleka mswada London. Huenda akalirudisha bila neno. Huenda akasema, “Haikuwa hivyo,” kisha akaketi akaeleza ilivyokuwa, na usiku ukawakuta wangali wanazungumza.

Jambo dogo, lakini limewaliza wengi: daftari lisitoke nyumbani kabla ya kunakiliwa. Mvua huvuja, watoto huchana karatasi za kuwashia moto, na mwenye kuuza njugu hachagui anachofungia. Litoke mwishoni mwa Februari, lirudi katikati ya Machi na alama zake. Mwandishi azisome zote jioni moja, alirudishe chini ya godoro, na asubuhi aende akapime mbegu na mbolea, maana wingu limekwisha kufunga upande wa Cherangani.