Silikoni si ya maisha: la kujua kabla ya kukata tiketi ya Durban

Likizo ikikaribia, mimi ninayeishi Durban huletewa maswali yaleyale na jamaa walioko Muscat, Dubai na Doha. Hospitali ipi nzuri? Bei gani? Mtu akija wiki mbili, atawahi kufanyiwa upasuaji wa kukuza matiti na bado apate siku za ufukweni? Ndege ya Dubai inatua hapa King Shaka na madaktari wazuri wapo, kwa hiyo sishangai kuulizwa. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba maswali yote yanaishia siku ya kutoka hospitali, kana kwamba baada ya hapo hakuna kitu.

Hapo ndipo penye kosa. Wengi hudhani vipandikizi vya silikoni ukishawekewa, basi, ni mpaka kaburini. Sivyo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, inasema wazi kwamba hivi si vifaa vya kudumu maisha, na kadiri vinavyokaa ndivyo uwezekano wa kupasuliwa tena unavyoongezeka. Wapo wanaokaa navyo miaka mingi bila shida. Wengine, kovu linalozunguka kipandikizi hukaza mpaka titi likawa gumu na kuuma. Tena silikoni inaweza kupasuka ndani kwa ndani na mwenyewe asihisi chochote. Ndiyo maana FDA inashauri kipimo cha ultrasound au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka 2 au 3. Sasa piga hesabu. Binti wa miaka 25 ajiandae kurudi chumba cha upasuaji, pengine zaidi ya mara moja. Bei aliyotajiwa ni ya mara ya kwanza tu.

Kuhusu saratani, watu wamepotoka pande mbili. Wako wanaosema vipandikizi vinaleta saratani ya matiti. Utafiti haujaonyesha hivyo. Wako wanaosema havina hatari kabisa, na hilo nalo si kweli. Ipo saratani adimu ya mfumo wa limfu inayohusishwa zaidi na vipandikizi vyenye uso wa kukwaruza. Kwa sababu hiyo, Julai 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni dunia nzima vipandikizi vyake vya Biocell. Kabla yake, mwaka 2010, kampuni ya Kifaransa PIP ilikutwa ikitumia silikoni ya viwandani, na mwaka 2013 mwanzilishi wake alihukumiwa kifungo cha miaka minne. Habari kama hizo zikitoka, mwenye kadi ya kipandikizi chake anaangalia jina na namba, anajua kama yumo. Aliyetupa kadi anabaki kubahatisha.

Kunyonyesha je? Mtu atakwambia ukishafanya, maziwa ndiyo basi tena. Wanawake wengi wenye vipandikizi hunyonyesha. Ila mahali pa kukata pana maana: mkato unaopita kuzunguka chuchu unaweza kuumiza mirija na neva kuliko ule wa chini ya titi. Kama bado unataka watoto, mwambie daktari kabla, si baada.

Na jamani, tusiwaweke wote kapu moja la "anasa". Yuko mama aliyeondolewa titi kwa saratani na anataka kurudishiwa umbo lake. Suala la halali na haramu nawaachia masheikh. Waulizeni mapema, kila mmoja kwa hali yake.

Kubwa ninaloliogopa ni siri. Dada anaaga kwamba anakwenda kutembea, anapasuliwa, wiki moja baadaye yuko kwenye ndege ya saa nyingi. Upasuaji na safari ndefu, vyote viwili huongeza hatari ya damu kuganda mishipani. Akifika Muscat titi likivimba au homa ikipanda, aliyempasua yuko Durban, na nyumbani hakuna anayejua kilichofanyika. Daktari wa zamu ataanzia wapi? Aibu isiwe sababu ya kuchelewa kutibiwa. Angalau mtu mmoja, mume, mama au dada, ajue.

Kwa anayeshikilia kuja, nina maombi manne. Kwanza, tafuta jina la daktari kwenye daftari la wazi la HPCSA, baraza linalosajili wataalamu wa afya Afrika Kusini, uone kama amesajiliwa kuwa bingwa wa upasuaji wa plastiki. Neno "urembo" kwenye bango la kliniki si ubingwa. Pili, muulize ni lini utaruhusiwa kupanda ndege, ndipo ukate tiketi ya kurudi. Tatu, rudi na kadi ya vipandikizi na ripoti ya upasuaji, na siku ya kipimo cha mammogramu mwambie mpimaji unavyo, maana huhitaji picha za ziada. Nne, kabla hujaondoka Ghuba, tafuta daktari huko atakayekufuatilia, na uweke akiba ya upasuaji wa pili. Kama fedha inatosha mara moja tu, dada yangu, basi bado haijatosha.