Watoto Nyumbani, Wazazi Ufukweni



Majuma mawili yaliyopita alinijia dada mmoja wa mtaani kwetu baada ya darsa ya kina mama ya Alkhamisi. Ameolewa miaka 12 na ana watoto wanne. Hakuja kumshtaki mumewe. Kwa maneno yake mwenyewe, mumewe ni mtu mwema, hana matusi wala mkono mzito, na chakula hakikosekani nyumbani. Swali lake lilikuwa moja tu: je, ni dhambi mke na mume kwenda kulala siku mbili tatu katika hoteli ya ufukweni, wakawaacha watoto kwa bibi yao? Mumewe ameridhia. Lakini mavyaa yake amemwambia kwamba mama anayewaacha wanawe akaenda kustarehe hana imani, na wifi zake wamesema hayo ni mambo ya Wazungu. Dada yule aliniuliza haya hali macho yake yako chini, kama mtu aliyekuja kukiri kosa.

Nilimjibu kwa ufupi kwamba si dhambi, nikamwahidi kuwa jibu refu nitaliandika hapa. Na jibu hilo refu, ndugu msomaji, haliwezi kutimia mpaka nami nikiri jambo langu.

Mimi na mwenzangu tumeoana miaka 26. Mwenyezi Mungu ametujaalia watoto watano, na kitindamimba wetu ana miaka 9. Muda wote huo baraza ya nyumba yetu imekuwa kama mahakama ndogo: wake na waume wa watu huja kusuluhishwa, wengine alasiri, wengine baada ya Isha. Usiku mmoja, baada ya kuwasindikiza wageni wa namna hiyo, nilimkuta mke wangu jikoni akiosha vikombe vya kahawa. Akaniambia bila ya hasira, "Maalim, watu wote hupata miadi kwako. Miadi yangu mimi ni lini?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Basi mwezi wa Juni mwaka jana tukaenda Watamu, usiku tatu. Dada yake akahamia kwetu kukaa na watoto, na darsa nikamwachia naibu wangu. Tukapanda matatu ya Malindi, tukavuka Mtwapa na Kilifi, tukateremka Gede, kisha tukachukua tuktuk. Njiani mwenzangu alipiga simu nyumbani mara sita. Nilimcheka kwa hilo, hali mimi mwenyewe nilikuwa nimekwisha kujibu masuala ya watu wanne kwa simu kabla hatujafika daraja la Kilifi.

Usiku wa kwanza ulinitia haya. Tulikaa mbele ya chumba chetu, kusi inavuma, bahari inanguruma, na hatukuwa na la kusema. Kila tulipofungua vinywa tulizungumza ada ya shule, jino la mtoto, na mfereji unaovuja. Mambo hayo yalipokwisha tukanyamaza. Nikajiona kwamba baada ya miaka 26, watoto wakiondolewa katikati yetu, tumekuwa kama abiria wawili waliokutana kituoni.

Asubuhi yake, baada ya sala ya alfajiri, maji yalikuwa yamekupwa. Tukatembea mchangani kuelekea kwenye miamba. Hapo mwenzangu akaanza kulia. Hakikuwa kilio cha kwikwi. Machozi yalimteremka tu huku akitembea. Nikadhani nimemkosea. Akaniambia, "Namlilia mama."

Mamake alikuwa amefariki miezi 14 kabla ya siku ile. Mimi ndiye niliyesimamia mazishi, mimi ndiye niliyesoma dua ya hitma, mimi ndiye niliyewapokea wageni na kuwaaga. Nilimwona mwenzangu ametulia, nikamsifu mbele za watu kwa subira yake. Kumbe hakupata nafasi. "Nyumba ilijaa watu," akasema, "nami nilikuwa na masufuria ya pilau. Kisha mtoto akawa na mtihani. Kisha ikaingia Ramadhani. Sikupata mahali pa kukaa nikalia."

Tulikaa juu ya mchanga mpaka jua likapanda. Sikumtolea mawaidha. Machozi ya huruma si haramu, na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alimlilia mwanawe Ibrahim, lakini hata hilo sikumwambia, kwa kuwa analijua. Nilimsikiliza bila ya kuandaa jibu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mingi. Siku zilizosalia alinisimulia visa vya mamake ambavyo sikupata kuvisikia, tukacheka mpaka mhudumu akageuka kutuangalia.

Hilo ndilo jambo nililotaka kulikiri: mtu anaweza kulala chini ya dari moja na mwenzake, akamlisha na kumvisha, akaijua haki yake kwa dalili na hoja, na asijue kwamba ana kilio cha mwaka mzima kifuani.

Sasa turudi kwenye sharia. Katika Surat Ar-Rum, aya ya 21, Mwenyezi Mungu ametaja miongoni mwa ishara Zake kwamba ametuumbia wenza ili tupate utulivu kwao, akajaalia baina yetu mapenzi na huruma. Angalia, ndugu msomaji, kwamba utulivu umetajwa kuwa ndilo kusudio. Nyumba ambayo mke na mume wamebaki kuwa wasimamizi wa mradi wa kulea watoto, bila ya utulivu baina yao, imepungukiwa na jambo ambalo Mola ameliita ishara.

Na katika sira tunasoma kisa cha Mtume (s.a.w.) na Bibi Aisha walipokuwa safarini. Imepokewa kwamba aliwaamuru maswahaba watangulie mbele, kisha akashindana naye mbio, na Bibi Aisha akamshinda. Baada ya muda, Bibi Aisha alipokuwa amenenepa, wakashindana tena, na safari hii Mtume akamshinda, akamtania kwamba sasa wamelipana. Sisi husimulia kisa hiki kwa tabasamu, tukapita. Lakini tazama kwamba kiongozi wa umma aliliondosha jeshi zima mbele ili apate faragha ya kucheza na mkewe. Ni nani miongoni mwetu mwenye shughuli kumshinda yeye?

Tunakijua vilevile kisa cha Salman na Abu Dardaa. Salman alimzuru nduguye, akamwona mke wa nyumba ile amejiacha bila ya kujipamba. Alipouliza, akajibiwa kwamba mumewe hana haja na dunia: mchana amefunga na usiku amesimama kusali. Salman akamfunza Abu Dardaa kwamba Mola ana haki, nafsi ina haki, na ahali nao wana haki, na Mtume (s.a.w.) akathibitisha kwamba Salman amesema kweli. Ikiwa ibada ya sunna haikukubaliwa kuwa udhuru wa kumsahau mke, sembuse biashara, mpira na simu?

Ama kuhusu kwamba haya ni mambo ya Wazungu, nawaomba kina mama wakubwa, kwa heshima zote, wakumbuke walivyoishi wao. Mzazi alipojifungua alipumzishwa siku 40, hashiki moto wala maji baridi. Watoto walilelewa na ua mzima: bibi, khaloo, shangazi na jirani. Mama alipotaka kwenda Lamu katika Maulidi, au kumzuru nduguye Malindi, watoto walibaki kwa bibi yao na hapana aliyemhesabia dhambi. Leo binti yenu anaishi ghorofa ya tatu, vyumba viwili, milango imefungwa, hana khaloo wa kumpokea mtoto hata akaoge. Mapumziko mliyapata ndani ya ua; yeye ua hana. Hakuomba jambo jipya, ameomba lile lile mlilokuwa nalo.

Hata hivyo, ruhusa ina masharti yake, nami nitayataja.

La kwanza ni watoto wenyewe. Wao ni amana, na kuwapoteza walio chini ya ulezi wako ni dhambi isiyohitaji dhambi nyingine. Waacheni kwa mtu mnayemjua kwa dini na tabia, awe mwanamke mzima mwenye nguvu za kuwakimbilia. Msiwaache mabinti na wavulana wakubwa peke yao nyumbani, wala msiseme "atakuwapo binamu yao" bila ya kumjua vyema huyo binamu. Afadhali mlezi ahamie nyumbani kwenu, ili shule na chuo visikatike. Mwachieni fedha za matumizi, dawa na nambari za simu. Mtoto anayenyonya bado hajafikia zamu ya kuachwa, subirini.

La pili ni fedha. Msikope, wala msiuze kitu cha nyumbani kwa ajili ya starehe, na msiiguse ada ya shule. Hoteli nyingi za pwani yetu hupunguza bei baada ya Pasaka hadi Juni, wageni wa ng'ambo wanapopungua, na siku za katikati ya juma huwa nafuu kuliko Ijumaa na Jumamosi. Uliza bei ya wakazi. Na asiyekuwa na uwezo asijihesabu kuwa amenyimwa. Wapeleke watoto kwa bibi yao Jumamosi moja, mbaki nyumbani wenyewe. Au mtoke alasiri mkatembee Mama Ngina, au katika ufuo wa umma wa Bamburi, na mihogo ya kukaanga mkononi. Bahari ni ile ile.

La tatu ni mahali. Kabla ya kulipa, piga simu uulize: nyama ni ya halali? Mna sehemu ya kulia iliyo mbali na meza za pombe? Kukaa katika meza inayopitishwa pombe hakufai, hata kama wewe unakunywa maji ya madafu. Wengi hupendelea nyumba ya kukodi yenye jiko lake, nayo ina sitara zaidi. Bwawa la mchanganyiko, ambamo watu wako nusu uchi, si mahali pa mke wala pa mume, kwani macho ya mwanamume nayo yamewekewa mipaka. Ufukwe wa alfajiri, watu wakiwa bado wamelala, ni wenu.

La nne ni sala. Kibla chetu katika pwani hii ni kaskazini: ukiielekea bahari, kiko mkono wako wa kushoto. Kutoka Mombasa hadi Watamu au Malindi hupita kilomita 100, nao ni umbali wa safari. Kwa madhehebu yetu ya Shafi utapunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili, maadamu hukunuia kukaa siku nne kamili mbali na siku ya kufika na ya kuondoka. Diani, kwa mtu wa Mombasa, ni kilomita zipatazo 30. Huko utasali kamili, na ukiwa Ijumaa hapo msikitini unakujua.

La tano ni simu. Ulizieni hali ya watoto asubuhi na jioni, inatosha. Picha za chumba, kitanda na chakula msizitume kwa watu. Yuko mjane atakayeziona, yuko mke ambaye mumewe ana miaka miwili Ghuba kutafuta riziki. Neema ya faragha hukaa pale inapositiriwa.

Na mwenye wake wawili akumbuke uadilifu. Mtume (s.a.w.) alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wakeze. Asimfanye mmoja wa ufukweni na mwingine wa jikoni.

Ewe dada uliyeniuliza, nina neno kwako na kwa mumeo. Mavyaa yako usibishane naye. Mumeo ndiye aende kwa mamake, akae chini, amwambie kwamba ni yeye aliyetaka safari hii, wala asikusukumie wewe lawama. Kisha amwombe msaada wa kuwalea wajukuu siku hizo. Mtu aombwapo msaada hujiona yumo katika jambo. Ajapo kupewa habari tu hujiona ametupwa nje. Na mkirudi, mleteeni zawadi, japo kanga moja, na siku ifuatayo apumzike yeye.

Wasomaji huenda watauliza sisi tuliwakuta vipi watoto wetu. Kitindamimba wetu alituamkia, akatubusu mikono, akauliza tutakwenda tena lini, kwa sababu khaloo yake alikuwa akiwapikia viazi karai kila jioni.

Tangu siku hizo, baraza yetu hufungwa Jumatano baada ya Isha. Wanaotaka kusuluhishwa, tafadhali waje Alkhamisi. Jumatano ina miadi ya mtu aliyengoja miaka mingi, nami sitaki angoje tena.

Mwenyezi Mungu azitie nyumba zetu utulivu, mapenzi na huruma, awahifadhi watoto wetu, na awarehemu wazazi wetu waliotangulia. Amin. Wabillahi tawfiq.