Maabara ya meno bandia yafaa kuwa jirani na mashine ya mionzi

Mfanyabiashara wa maharage wa Nyakanazi au wa kahawa wa Ngara akibainika kuwa na saratani ya kinywa, hesabu yake ya kwanza ni nauli, ya pili ni nani atabaki dukani. Tiba ya mionzi kwa saratani za kichwa na shingo kwa kawaida huchukua wiki 6 hadi 7, siku 5 kwa wiki. Zamani safari ilikuwa ya Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road. Siku hizi Bugando, Mwanza, nako mionzi ipo, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limeondoa adha ya kusubiri kivuko.

Hasara nyingine imo kinywani. Mionzi inayolenga uvimbe wa ulimi huunguza pia kaakaa, mashavu na tezi za mate ambazo ni nzima. Mgonjwa hutoka vidonda, uji haumezeki, anakonda. Wengine hukatiza tiba. Tiba ikikatizwa uvimbe hupata mwanya wa kukua tena, na fedha yote iliyokwisha tumika imeliwa.

Kinachoweza kupunguza hasara hiyo ni kifaa kidogo cha akriliki, ile ile ya meno ya bandia. Mgonjwa hukiuma, taya zikaachana, ulimi ukabanwa chini au kusukumwa kando, na kaakaa likawa mbali na njia ya mionzi. Kila siku kinywa hukaa pale pale. Mwenye jino lililozibwa kwa madini huwekewa kinga ya milimita chache, kwa kuwa madini hutawanya mionzi kwenye shavu. Marekani wapo wanaovichapa kwa mashine za 3D, lakini nta, plasta na akriliki bado vinatosha. Kweli, tafiti nyingi za vifaa hivi ni ndogo, na vidonda haviishi vyote.

Wenye mitaji midogo wakisikia afya huwaza duka la dawa. La nne mtaa mmoja litagawana wateja wale wale. Watu watano wakichanga kwa maabara ndogo ya meno bandia Mwanza, meno yatalipa pango, na vifaa vya mionzi vitakuwa nyongeza. Isijengwe Ngara. Kifaa hutakiwa kiwe tayari kabla ya picha za CT za kupangia mionzi na kabla ya barakoa ya kumtuliza mgonjwa kichwa, naye akiwa amekiuma. Fundi akiwa mbali, mgonjwa analipia gesti akisubiri.

Kazi ya Ngara na Biharamulo ni meno mabovu: yang'olewe huko huko, kwa maelekezo ya daktari wa saratani, wiki 2 hadi 3 kabla ya mionzi. Kung'oa baadaye kwaweza kuua mfupa wa taya. Mwenye barua ya rufaa aulize kabla ya kukata tiketi ya basi: meno yamekaguliwa, na kifaa cha kinywani atakitengeneza nani?