Tukavue, Lakini Turudi

Wengi wetu huku Mara twala samaki kila wiki, wala hatujapata kukanyaga mtumbwi hata siku moja. Watu wa Butiama, na hata sisi wa Bunda, sato na sangara twawaona sokoni tu, wamekwisha kukaangwa. Basi katika likizo ya shule tulipatana jamaa watano kwenda Musoma, tukavue kwa mshipi, watoto wajifunze. Mimi, kwa kuwa kazi yangu parokiani ni kuandika na kuhesabu, nikapewa kukusanya fedha na kutafuta mtumbwi.

Saa 12 asubuhi tulikuwa mwaloni. Mtumbwi ulikuwa mzuri, wa mbao, wenye injini. Nikahesabu watu: 14, pamoja na nahodha na msaidizi wake. Nikahesabu jaketi za kuokolea: 9. Nahodha akacheka, akasema, "Karani, ziwa limelala. Hatuendi mbali."

Kusema kweli, nilitaka kukubali. Fedha nilikwisha kumpa, na watoto walikwisha kukaa ndani. Ndipo mke wangu akaniuliza polepole, "Baba Petro, hao watano wasio na jaketi ni akina nani? Wataje majina." Sikuweza kumtaja hata mmoja.

Tena neno "hatuendi mbali" si neno la kutegemea. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara, nchi kavu ikionekana kwa macho, wakafa watu zaidi ya 200. Kilikuwa kimepakia kupita kiasi, kama ilivyokuwa MV Bukoba iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996.

Basi tukagawana. Wa kwanza wakaondoka 9, na watano tukangoja zamu ya pili. Mwanangu Petro, mwenye miaka kumi, nilimbakiza nami, maana mshika fedha hawezi kumtanguliza mwanawe. Akanitazama bila kusema neno.

Wenzetu walifanya vizuri. Walikaa chini, hakuna aliyesimama. Kila mmoja alishusha mshipi wenye chambo, akauweka juu ya kidole, akangoja kusikia samaki akiuvuta. Anayeanza huvuta upesi mno, akapoteza samaki na chambo pamoja. Walirudi na sangara watatu, na mama mmoja mwenye kidole kilichochanika, kwa kuwa alimshika sangara mashavuni bila kujua ukali wake.

Lakini walirudi mchana, na upepo ulikuwa umeanza. Jua likipanda, nchi kavu hupata moto kupita maji, hewa yake hupaa, na hewa ya ziwani huja kushika mahali pake. Ndiyo sababu asubuhi maji huwa shwari na mchana mawimbi huamka. Nahodha mwenyewe akasema zamu ya pili haiwezekani.

Petro akalia. Nikampa mshipi, tukakaa juu ya mawe ya pwani. Baada ya muda akapata kisato kifupi kuliko kiganja changu. Nikamweleza kwamba sheria yakataza kuchukua sato aliye chini ya sentimita 25, na sangara aliye chini ya sentimita 50, ili wapate kukua na kuzaa. Akakirudisha majini, akasema, "Baba, leo hata huyu umemnyima nafasi." Hakusema nami tena mpaka tulipofika Bunda.

Wazazi wenzangu, mkitaka kwenda, nendeni, maana ni furaha kubwa. Lakini hesabuni jaketi kabla ya kutoa fedha, tena za watoto ziwe za kipimo chao, kwa sababu jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto kichwani. Ondokeni alfajiri, mrudi kabla ya upepo. Wala msiwaache watoto kuogelea penye majani ya pwani, kwa ajili ya kichocho.

Heri nusu shari kuliko shari kamili. Mwanangu alilia siku moja, akalala nyumbani kwake. Mwezi wa Disemba tutarudi Musoma, na katika daftari langu nimekwisha kuandika: watu 14, jaketi 14. Jina la kwanza ni Petro.