Anayeuliza Asibezwe

Ng'ambo ya Ziwa Mweru, tukitazama kutoka Nchelenge, ni Katanga. Vita vya huko ndivyo vilivyomleta Ndola Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, 1961, ndege yake ilianguka. Baadhi ya wenyeji, wachoma mkaa miongoni mwao, walisema waliona ndege ya pili angani. Tume ya serikali ya kikoloni haikuwasadiki. Mwaka 1962 ikamtwika rubani lawama.

Lakini watu hawakuacha kuuliza. Mwaka 2017 Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania, aliyeteuliwa na Umoja wa Mataifa, aliripoti kwamba yamkini ndege ile ilishambuliwa au ilitishwa. Hakusema imethibitika, alisema maneno ya mashahidi wale yastahili kupimwa.

Ndugu askari, mvuvi wa Kashikishi akikupa maelezo yasiyolingana na taarifa ya wakubwa, yaandike kama alivyoyasema. Naye anayeuliza alete alichokiona, si uvumi. Shahidi akibezwa leo, wajukuu wetu watamtafuta kaburini, wala hatawajibu.