Mwanafunzi wa Fizikia, Usingoje Shahada

Ndugu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, wengi wenu mnaamini kwamba utafiti ni kazi ya wenye shahada za juu, na kwamba zamu yenu itafika baadaye. Imani hiyo inawapotezea miaka.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kijana wa sekondari ya Magamba, Tanganyika. Siku moja ya kutengeneza aiskrimu, ili kuwahi nafasi kwenye jokofu, aliyatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Jokofu la kuhakikisha lilikuwa pale pale shuleni. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, Dakta Denis Osborne. Mpemba akasimama akauliza: maji ya nyuzi 35 na ya nyuzi 100, kiasi kile kile, yakitiwa jokofuni, mbona yale ya 100 yanatangulia kuganda? Wenzake wakamcheka. Osborne alirudi Dar es Salaam akaagiza jambo hilo lijaribiwe maabarani, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishania jambo hilo hadi leo.

Kijana yule hakuwa na shahada. Alikuwa na swali lenye vipimo ndani yake, na akalipeleka kwa mwenye maabara.

Nawe usimwendee mhadhiri na maneno matupu ya kuomba nafasi. Soma kwanza makala yake moja, hata ukielewa theluthi tu. Mwonyeshe mstari uliokukwamisha, kisha ujitolee kwa kazi inayomchosha: kuandika vipimo, kupanga data, kutunga programu fupi ya kuchora grafu. Kwa hiyo jifunze Python sasa. Data halisi za CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, ziko wazi kwenye intaneti, zifanyie mazoezi. Asipokujibu, mkumbushe kwa adabu baada ya wiki. Wala usiwapite mafundi wa maabara, maana wao ndio wanaojua kifaa kipi kinafanya kazi na nani anakitumia.

Nanyi wahadhiri, msiwaache vijana hawa wakibahatisha milango. Kila muhula unapoanza, bandikeni kwenye ubao wa idara kazi mlizo nazo na siku mnayopokea wanafunzi, wa mwaka wa kwanza wakiwamo.