Gleizi si hisia, jamani

Mabeshte, leo nawakera. Zile video za mtu amefinyanga kikombe kizuri, halafu atia rangi kwa gleizi kwa kijiko, "naskia tu inatosha"... tuache. Gleizi ni kioo. Chayeyuka tanurini kwa joto kali, na kioo hakijui wewe waskia nini.

Ingia Fort Jesus uangalie zile sahani za kaure za Kichina. Ile buluu ni kobalti, na ilitumika kidogo sana. Sisi wa Mji wa Kale twapiga selfie mbele ya kabati, twarudi nyumbani kukisia.

Chukua gleizi moja isiyo na rangi. Pima gramu 100 za unga mkavu kila kikombe. Kimoja tia nusu gramu ya oksidi ya kobalti, kingine gramu 1. Oksidi ya chuma weka 2, 5, 10, uone inavyotoka kwa rangi ya asali hadi karibu nyeusi. Paka vigae, andika namba nyuma kabla ya kuchoma. (Mimi nilisahau. Vigae 12, sijui kipi ni kipi mpaka leo.)

Kinachoniudhi zaidi ni shaba. Kijani chake chapendeza kwa picha, lakini ukiizidisha yaweza kutoka ikaingia kwa chakula chenye ukali. Na sisi ni watu wa ndimu, ukwaju na achari! Wamuuzia mama wa watu bakuli la achari, na hata hujalilaza na kipande cha ndimu usiku mmoja uone kama rangi itabadilika?

Ndimu moja yakushinda?